Kulinganisha vituo vya rihabu: Mombasa siku 90, kituo cha bei nafuu, au methadoni Malindi?

Bint_Mambrui

Assalamu aleikum ndugu zangu. Naomba majibu ya watu wanaoijua kazi hii.

Tunamtafutia matibabu kijana wa miaka 27, mkaazi wa Mambrui. Anatumia unga (heroini). Alianza kwa kuvuta, sasa anajidunga, yapata mara tatu kwa siku. Akikosa unga anashika pombe ya mnazi tangu asubuhi, na usiku anameza vidonge vya usingizi. Karatasi tunazookota chumbani zimeandikwa diazepam 5 mg. Mwenyewe amekubali kutibiwa, kwa hiyo hatutaki kuchelewa mpaka abadili nia.

Tumeletewa njia tatu:

1. Kituo cha kulala Mombasa, siku 90, Sh45,000 kwa mwezi.
2. Kituo cha kulala nje kidogo ya Malindi, Sh18,000 kwa mwezi. Mwenyewe anasema hawatumii dawa yoyote, arosto (mateso ya mwili ukikosa kilevi ulichozoea) wanaitoa kwa dua na maji baridi.
3. Kliniki ya methadoni (dawa ya kunywa inayoshika nafasi ya unga) hospitali ya Malindi. Hulipi, lakini lazima afike kila siku.

Baba anavutiwa na cha pili kwa ajili ya bei. Mjomba anasema methadoni ni kutoa ulevi huu na kuingiza ule. Bima tuliyo nayo ni SHA, ile ya afya ya serikali. Tulinganishe kwa vigezo gani, na hatua ya kwanza ni ipi?

---

Zamu_ya_Usiku

Waaleikum salaam dada. Cha pili kitoeni kwenye hesabu leo hii. Dua haijamdhuru mtu. Kinachoua ni kumkatiza mtu pombe na diazepamu ghafla mahali pasipo na daktari.

Wengi huchanganya arosto zote kana kwamba ni kitu kimoja. Arosto ya unga ni adhabu, lakini ni nadra kumuua mtu mzima mwenye afya. Huanza saa 6 hadi 12 baada ya kete (kipakiti cha unga) ya mwisho: miayo, kamasi, machozi, malaika kusimama mwili mzima. Siku ya pili na ya tatu ndizo kali, kwa kutapika, kuharisha na viungo kuuma, kisha hulegea ndani ya wiki. Hatari yake kubwa ni kukaukiwa na maji, ndiyo maana ORS (maji ya chumvi na sukari ya kunywa) iwe karibu muda wote.

Pombe ina mwendo wake. Aliyezoea kunywa kila siku akikatizwa, mikono hutetemeka katika saa chache za mwanzo, na ndani ya saa 48 degedege yaweza kumwangusha. Kati ya siku ya pili na ya nne wapo wanaoingia katika mweweseko: mtu anaona vitu visivyokuwepo, anatoka jasho, moyo unakwenda mbio, joto linapanda. Hali hiyo huua. Diazepamu nayo ina degedege yake, ila kwa kuwa dawa hiyo hukawia kutoka mwilini, shida yaweza kuja wiki moja baadaye, wakati nyumba nzima imeshashusha pumzi.

Huyu wenu ana vyote vitatu. Kwa hiyo kituo chochote mtakachokichagua, wiki ya kwanza lazima iwe chini ya macho ya muuguzi au daktari usiku na mchana. Pigeni simu na muulize hivi, mkiandika majibu:

Saa 8 za usiku nani yuko zamu, na ana cheo gani? Mlinzi hahesabiki. Mwenye pombe mnampa dawa gani? Jibu zuri ni diazepamu au dawa ya jamii hiyo, kwa kipimo kinachopunguzwa siku baada ya siku kwa muda wa kama wiki, huku wakipima jasho, mtetemeko na mapigo ya moyo. Kwa aliyekuwa akimeza vidonge kwa miezi mingi, upunguzaji huchukua wiki kadhaa. Anayekwambia "tunamwachisha siku ya kwanza" hajui anachokifanya.

Ulizeni pia habari ya vitamini B1, yaani thiamini. Mnywaji mkubwa mara nyingi huwa ameishiwa nayo. Ukimtundikia dripu ya glukosi kabla ya kumdunga B1, ile glukosi inamaliza akiba iliyobaki na ubongo unaumia: macho yanayumba, anapepesuka, kumbukumbu inapotea na huenda isirudi. Kituo kinachoijua kazi kitajibu swali hili bila kusita. Na la mwisho, mtu akianguka degedege wanampeleka hospitali gani, kwa gari la nani?

Kwa sasa msimfungie nyumbani aache mwenyewe. Chukueni karatasi muandike kwa siku tatu: kete ngapi, mnazi kiasi gani, vidonge vingapi, saa ngapi. Hifadhini na zile karatasi za vidonge. Daktari wa mapokezi atapanga kipimo cha kwanza kwa kutazama hayo.

---

Mshauri_Barani

Nakubaliana na mwenzangu hapo juu. Mimi niseme juu ya vibali na pesa, maana hapo ndipo familia nyingi huliwa.

Kituo chochote cha rihabu Kenya lazima kiwe na idhini ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya. Orodha ya vilivyoidhinishwa iko kwenye tovuti yao, na ukipiga 1192, simu ya bure inayopokewa saa 24, watakuambia kama jina ulilopewa limo. Usitosheke na picha ya cheti kwenye WhatsApp. Nenda ukisome ukutani: jina la kituo, mahali kilipo, na tarehe ya mwisho. Ujanja wa kawaida ni mwenye tawi moja lenye idhini kufungua la pili kijijini na kutundika nakala ya cheti cha lile la kwanza. Kama kituo kinatoa dawa, kiwe pia na leseni ya mwaka huu ya KMPDC, baraza la madaktari. Washauri nasaha nao wana bodi yao chini ya sheria ya mwaka 2014. Mwulize anayeongoza vikao amesajiliwa au la. Mtu aliyepona unga akageuka mwelimishaji rika ni hazina kubwa kwa kituo, lakini asiwe ndiye daktari, ndiye mshauri, ndiye mpishi.

Kisha kitembelee bila taarifa, siku ya kazi, mnamo saa 4 asubuhi. Tazama ratiba iliyobandikwa ukutani, halafu tazama wanachokifanya watu saa hiyo. Ratiba ikisema kikao cha kundi na wote wamelala chini ya mwembe, hiyo ndiyo ratiba ya kweli. Kundi likizidi watu 15 hivi, huwa ni mhadhara. Omba uone kabati la dawa: limefungwa? kuna daftari la kuandika kila kidonge kilichotolewa, na saini? Dawa za wagonjwa zikikaa ndani ya mfuko wa nailoni mezani, geuka urudi.

Ukiona mnyororo, pingu, au bweni linalofungwa kwa kufuli kutoka nje, usiulize swali jingine. Kwa marekebisho ya mwaka 2022 ya Sheria ya Afya ya Akili, mwenye uraibu anahesabiwa mgonjwa na ana haki za mgonjwa. Na bweni la kufuli likishika moto usiku hakuna wa kutoka.

Wakikuambia "asilimia 90 wanapona", waulize wanahesabuje. Mara nyingi maana yake ni waliomaliza siku 90 bila kutoroka. Swali la kuwabana ni hili: kati ya waliotoka miezi sita iliyopita, wangapi mna namba zao na mmezungumza nao mwezi huu? Anayejibu "tunao daftari, hili hapa" ni mtu wa kukaa naye chini.

Pesa. Ile Sh45,000 kwa mwezi si bei kamili mpaka upate karatasi ya mchanganuo. Tuseme kwa mfano:

– ada ya kuingia: 10,000
– miezi mitatu: 135,000
– vipimo vya damu (VVU, homa ya ini B na C, kazi ya ini) na vya mkojo: 8,000
– dawa za wiki ya kwanza: 6,000
– daktari wa akili, ziara mbili: 7,000
– sabuni, nauli za familia na kadhalika: 9,000

Hapo ni 175,000, si 135,000 uliyoambiwa kwa simu. Tarakimu ni za mfano, ila vichwa vya gharama ndivyo hivyo kila mahali. Ulizeni pia: akitoka siku ya 12, pesa zinarudi kiasi gani? Lipeni mwezi kwa mwezi, kwa M-Pesa ya kituo na risiti, wala si kwa namba ya mtu binafsi. Anayetaka miezi mitatu yote mkononi siku ya kwanza anajua kitu ambacho hakuambii.

SHA ilichukua nafasi ya NHIF, bima ya zamani, tarehe 1 Oktoba 2024, kwa hiyo kadi ya zamani msiitegemee. Hakikisheni kwa *147# kwamba kijana amesajiliwa mwenyewe, maana kwa miaka 27 hayumo chini ya baba. Asiye na mshahara hupimiwa uwezo wa kaya kisha hutozwa asilimia 2.75 ya kinachokadiriwa, kisichopungua Sh300 kwa mwezi, na hulipwa ya mwaka mzima kwa pamoja. Halafu kituo kiulizwe, tena kijibu kwa maandishi: mna mkataba na SHA kwa matibabu ya uraibu hasa, au kwa wagonjwa wa kawaida tu? Siku ngapi zinalipiwa, na ziada ni juu ya nani? "Tunachukua SHA" peke yake haina maana yoyote.

---

Mfamasia_Shella

Swali la mjomba lijibiwe kwa heshima, kwa sababu ndilo linalowakwamisha wengi.

Unga hukaa mwilini saa chache, ndiyo sababu kijana anautafuta mara tatu kwa siku: anapanda, anashuka, arosto, anatoka kutafuta pesa. Methadoni ni dawa ya maji anayoinywa mara moja mbele ya mhudumu, na hushikilia saa 24 au zaidi. Kikifikiwa kipimo chake, hana kilevi wala arosto. Anakula, analala, anakwenda kazini. Sindano zinaisha, na pamoja nazo hatari ya VVU na homa ya ini C. Shirika la Afya Duniani liliiweka katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2005. Kenya ilianza nayo hospitali ya Mathari, Nairobi, Desemba 2014, na Malindi ikafuata 2015, kwa hiyo hospitali yenu ni miongoni mwa zenye uzoefu mrefu nchini.

Kuingia kliniki si kufika dirishani na kuomba. Njia ya kawaida ni kupitia shirika la mtaani. Kwa Malindi linalojulikana ni Omari Project, ambalo limekuwa likiwahudumia watumiaji wa unga tangu 1995. Wao humtathmini, humpa vikao vya matayarisho, kisha humfikisha kliniki. Pale kuna kipimo cha mkojo kuthibitisha unga, uchunguzi wa TB, VVU na homa ya ini, na fomu ya kukubali anayoisaini mwenyewe. Waambieni kila dawa anayoimeza. Rifampisini ya TB hupunguza sana nguvu ya methadoni. Efavirenzi na nevirapini za VVU vivyo hivyo, na baadhi ya dawa za kifafa. Asiposema, arosto itamrudia katikati ya matibabu na kila mtu atadhani anacheza.

Siku ya kwanza afike akiwa tayari na dalili za arosto, yaani hajagusa unga kwa saa 8 hadi 12. Kipimo huanza na miligramu 15 hadi 30; kwa mwenye pombe na vidonge huanza chini zaidi. Kisha huongezwa 5 hadi 10 kila baada ya siku tatu hadi tano. Wengi hutulia kati ya 60 na 120.

Sasa someni hapa polepole. Wiki mbili za mwanzo ndizo za hatari kuliko zote. Methadoni hujilimbikiza: dozi ya leo inaikuta ya jana bado ipo, na nguvu kamili ya kipimo kimoja huonekana baada ya siku kama tano. Kijana anahisi "haijanishika", jioni anaongeza kete, au diazepamu mbili juu ya mnazi. Kila kimoja kati ya hivyo hupunguza pumzi. Vikikutana, pumzi inasimama usingizini. Familia inasikia akikoroma kwa sauti nzito, inafurahi kwamba leo amelala. Mkoromo wa namna hiyo, midomo ya buluu na mboni ndogo kama ncha ya sindano ni dharura.

Akikosa kunywa siku tatu mfululizo, hupunguziwa kipimo kwa sababu mwili umeanza kusahau. Akipitisha tano huanza upya. Akija amelewa wanaweza kumnyima dozi ya siku hiyo, na wana haki. Muda wa matibabu haupungui mwaka mmoja, mara nyingi ni miwili na zaidi. Anayetoka mapema kwa kuona aibu hurudi kwenye unga, tena kwa kasi.

Mambrui mpaka Malindi ni kama kilomita 15. Hata nauli ikiwa Sh200 kwenda na kurudi, ni 6,000 kwa mwezi. Linganisheni na zile nyingine.

---

Mshauri_Barani

Mfamasia kasema kweli, ila niongeze upande wa pili asije mtu akaona kulala kituoni ni upuuzi mtupu. Kijana ambaye maskani (kijiwe cha watumiaji) iko ukuta kwa ukuta na chumba chake, au ambaye wenzake wa sindano wanampitia kila asubuhi, miezi miwili ya kuwa mbali humpa nafasi. Shida ni vituo visivyokubali mtu aliye kwenye methadoni, vinavyotaka "asafishwe kwanza". Hilo ndilo swali langu la kwanza kwa kituo cha Mombasa: mnampokea anayekunywa methadoni, na nani anampeleka kliniki ya methadoni ya Kisauni kila asubuhi? Wakisema hapana, basi mtamlipia siku 90 za kuushusha uvumilivu wa mwili wake, kisha atarudi Mambrui bila kinga yoyote. Kete ileile aliyokuwa akiimudu zamani itamuua. Wiki za kwanza baada ya kutoka rihabu au jela ndizo wanazokufa watu wa unga.

---

Mwana_Amu

Nami niulize la Lamu. Mwanamke mjamzito, miezi mitano, anavuta unga, hajidungi. Familia iko Langoni, inataka kumleta Malindi. Ataachishwa kwanza au atangojea ajifungue? Na njia ile ndefu je?

---

Zamu_ya_Usiku

Asiachishwe ghafla. Arosto kali kwa mjamzito yaweza kuharibu mimba au kuleta uchungu kabla ya wakati. Matibabu yanayopendekezwa ni methadoni, mapema, sambamba na kliniki ya uzazi. Miezi ya mwisho ya mimba mwili huitumia dawa upesi zaidi, kwa hiyo kipimo huenda kikapanda au kikagawanywa mara mbili kwa siku; asihesabu hilo kuwa ni kurudi nyuma. Mtoto anaweza kuzaliwa na arosto yake: analia kwa sauti kali, anatetemeka, hanyonyi vizuri. Inatibika, lakini lazima ajifungulie hospitali na wakunga wajue tangu mwanzo. Kunyonyesha akiwa kwenye methadoni kunaruhusiwa, isipokuwa kuwe na sababu nyingine ya kukataza.

Anzeni hospitali ya King Fahd, hapo hapo Amu: apimwe, apewe barua ya rufaa yenye umri wa mimba na majibu ya damu. Msifunge safari kabla kliniki ya Malindi haijajibu kwamba inampokea siku gani. Kutoka Mokowe kupitia Witu na Garsen ni zaidi ya kilomita 200, na basi likikwama, arosto haingoji. Bebeni ORS, maji, parasetamoli na nguo za kubadili. Awe na mwanamke mwenzake safarini. Na kwa kuwa dozi ni ya kila siku, hesabuni kodi ya chumba Malindi kwa miezi, si kwa wiki. Mkiwa na jamaa Malindi, mitaa ya Shella au Maweni, semeni naye sasa.

Kwa wengine wa Lamu watakaosoma: mwenye pombe msimwambie aache siku mbili kabla ya safari ili "aende akiwa safi". Mtakuwa mmeipanga degedege ianguke katikati ya msitu. Aachishiwe mwisho wa safari, mbele ya muuguzi.

Kwa mwanamke anayetaka kituo cha kulala, masuali mawili zaidi: bweni lake lina choo chake ndani, na zamu ya usiku ni ya mwanamke? Kituo kikijibu "tunao wanawake wawili tu, wanalala ofisini", endeleeni kutafuta.

---

Bint_Mambrui

Mungu awabariki. Baba amesoma yote, kituo cha maji baridi kimeondoka. Sasa Jumatatu tuanze na lipi, ikiwa methadoni ndiyo njia lakini pombe na vidonge bado vipo? Na kuna mdogo wake anatafuna muguka (majani ya jamii ya miraa) mchana kutwa, naye aende huko huko?

---

Mfamasia_Shella

Jumatatu asubuhi nendeni naye kwa shirika la mtaani mkiwa na ile karatasi ya siku tatu, kitambulisho, na karatasi za vidonge. Semeni tangu mwanzo kwamba kuna pombe na diazepamu. Mara nyingi madaktari humlaza wodini siku saba hadi kumi, wakipunguza pombe na vidonge chini ya uangalizi huku methadoni ikianza kwa kiasi kidogo. Huo ulalo ndio wa kuuliza SHA inaulipiaje. Baada ya hapo huja kutwa kutoka nyumbani, na mtu mmoja wa familia afuatane naye wiki mbili zile nilizozitaja. Saa za kunywa dawa waulizeni, na mwezi wa Ramadhani ukikaribia waulizeni tena mapema, kwa sababu dozi yaweza kusogezwa lakini kwa utaratibu wa kliniki, si kwa kuruka siku.

Ombeni mfunzwe naloksoni, sindano ya kumzindua aliyezidiwa na unga au methadoni, kabla hajatoka wodini. Miligramu 0.4 kwenye msuli wa paja, pumzi za mdomo kwa mdomo ukingoja, rudia baada ya dakika mbili au tatu asipoamka. Akipumua, mlaze ubavu. Hata akiamka akikasirika na kutaka kuondoka, apelekwe hospitali: naloksoni huisha ndani ya dakika 30 hadi 90, methadoni bado ipo, na anaweza kuzama tena. Kumwagia maji, kumnywesha maziwa au kumdunga maji ya chumvi ni kupoteza dakika mlizo nazo.

---

Mshauri_Barani

Mdogo wake wa muguka hahitaji kitanda wala dawa ya kutoa sumu. Akiacha atalala sana, atakuwa mzito na mwenye huzuni siku kadhaa, basi. Vikao vya ushauri vya kutwa vinamtosha, mara moja au mbili kwa wiki. Isipokuwa akisikia sauti za watu wasiokuwepo au akidhani anafuatwa. Hapo apelekwe kliniki ya afya ya akili hospitalini. Msimchanganye bweni moja na watu wa sindano, atoke na elimu ambayo hakwenda nayo.

Na yule mkubwa, akisafiri Mombasa hata kwa siku mbili, achukue barua ya kliniki yenye kipimo chake ili anyweshwe Kisauni. Barua iombwe siku chache kabla, maana kliniki hupigiana simu kwanza.